Injini ya ekskaveta inashuka mzunguko ikipewa mzigo: anzieni kwenye tenki

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni msimamizi wa mashine kwenye machimbo ya dhahabu huku Chunya. Tuna Komatsu PC200-7 iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Asubuhi inachapa kazi bila shida. Ikishafanya kazi kama saa nzima, mzunguko wa injini unaanza kushuka kila ndoo ikiingia kwenye udongo, mpaka inataka kuzima. Moshi si mwingi, naona hata umepungua kuliko zamani. Tukiizima na kuipumzisha kama dakika 10 inarudi vizuri, halafu shida inaanza tena, mapema zaidi. Siku nyingine ikiwa imesimama bila mtu kugusa leva, injini inapanda na kushuka yenyewe. Filta ya dizeli tumebadilisha mara 2. Fundi anasema pampu ya nozeli imechoka, ishushwe ipelekwe Mbeya mjini. Bosi anasubiri neno langu. Unashauri nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Mwambie fundi aiache pampu mahali pake kwa siku 2 tu. Sisemi hivyo kumdharau. Pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli, huchoka kweli, na mashine iliyokwisha kula miaka yake Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam inaweza kuwa na pampu iliyochoka. Lakini pampu iliyochoka ina tabia yake: injini ikiwa ya moto, ukiizima halafu ukaipiga stata, inasumbua kuwaka. Joto ndilo adui wake, na dakika 10 za kupumzika haziipoozi pampu iliyoshika moto wa saa nzima. Mashine yako inafanya kinyume. Inazimwa ikiwa ya moto, inawaka, na inarudi na nguvu zake. Hapo mimi siioni pampu. Naona dizeli isiyofika kwenye pampu.

Ushahidi wa pili umeuandika mwenyewe bila kujua uzito wake: moshi umepungua. Injini ya dizeli inapopewa mzigo na mzunguko ukaanza kushuka, gavana, yaani sehemu ya pampu inayopima kiasi cha dizeli, huongeza dizeli mpaka kikomo chake. Kama dizeli ipo na hewa haitoshi, bomba la moshi linakuwa jeusi. Kama dizeli ipo, hewa ipo, lakini pampu za haidroliki zinadai kuliko injini inavyoweza kutoa, bomba linakuwa jeusi vilevile. Injini inayozama mpaka kutaka kuzima huku bomba halionyeshi moshi wa maana, hiyo imenyimwa dizeli. Ndiyo maana kila anayenipigia simu kuhusu mzunguko wa injini namuuliza rangi ya moshi kabla ya kumuuliza aina ya mashine.

Sasa, kwa nini inapona ikipumzika? Kuna mambo mawili ya kawaida, na yote yako kwenye tenki au karibu nalo.

La kwanza ni uchafu unaotembea. Niliwahi kuitwa kwenye machimbo ya kokoto kwa ajili ya mashine yenye ugonjwa huu huu. Walishabadilisha filta, pampu ndogo ya kusukuma dizeli, hata nozeli zilishatolewa na kurudishwa. Tulifungua koki ya chini ya tenki, dizeli ikatoka kwa nguvu kama sekunde 10, halafu ikapungua taratibu mpaka ikawa uzi mwembamba, na tenki lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Nilipochokonoa kwa waya, ikatoka tena kwa nguvu. Tulipomwaga yote na kumulika ndani kwa tochi, kulikuwa na kipande cha fulana, cha ukubwa wa kiganja, kimelala chini. Bila shaka kilidumbukia siku mtu alipofuta mdomo wa tenki. Injini ikivuta, kitambaa kinasogea taratibu mpaka kinaziba tundu la kutolea. Injini ikizimwa, mvuto unaisha, kinaachia. Filta hata 20 zisingeponya mashine ile, kwa sababu kizuizi kilikuwa kabla ya filta.

La pili ni mfuniko wa tenki. Dizeli inapopungua lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na kwenye mashine nyingi njia ya hewa iko kwenye mfuniko wenyewe. Vumbi la Chunya likichanganyika na dizeli inayomwagika wakati wa kujaza linakuwa tope linaloziba kale katundu. Tenki linaanza kuvuta utupu na pampu ndogo inashindwa kuvuta dizeli. Kipimo chake hakina gharama. Mashine ikianza tu kushuka mzunguko, opereta alaze ndoo chini, apunguze mwendo, na mtu mmoja afungue mfuniko polepole akisikiliza. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio wa kunyonya, na injini ikarudi hapohapo, tatizo mmelipata. Osha mfuniko kwa dizeli safi, upulize, au nunua mwingine. Usiuache wazi wala usitoboe tundu lako kwa msumari, maana vumbi na mvua vitaingia na mtakuwa mmebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine ulio mbaya zaidi.

Mfuniko usipotoa jibu, fanyeni ninachokiita mtihani wa dumu. Huo nauamini kuliko mashine nyingi za kupimia, kwa sababu unaliondoa tenki lote kwenye kesi. Chukua madumu 2 ya lita 20, masafi kabisa, ujaze dizeli iliyochujwa. Funga dumu moja imara mahali palipoinuka kuliko pampu, mbali na bomba la moshi na turbo. Tumbukiza humo mpira wa kuvutia unaokwenda kwenye filta, na mpira wa kurudishia pia urudi humohumo, la sivyo dumu litakauka upesi. Pampu ya mkono ifanye kazi ya kutoa hewa mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha washeni na mpeleke mashine kazini. Mashine ya ukubwa huu inaweza kula lita 15 hivi kwa saa ikichimba kwa nguvu, na kwa kuwa ugonjwa wenu huchukua saa nzima kujitokeza, dumu moja halitoshi. Badilisheni kabla halijafika chini. Mkifanya kazi saa 2 bila mzunguko kushuka, pampu ya nozeli haina kosa. Kosa liko kati ya tenki na mahali mlipokata mpira.

Na kama mko kwenye mtihani huo, wekeni kipande cha mpira unaoona ndani kwenye njia ya dizeli kabla ya pampu. Kipande cha urefu wa shibiri kinatosha. Dizeli safi inapita humo kama haipo, jicho halioni kitu. Mapovu yakipita, hata madogo kama punje za mtama, kuna mahali hewa inaingia. Hapa nataka nikuulize: huku kupanda na kushuka kwenyewe kulianza kabla ya kubadilisha filta au baada? Mara nyingi raba ya filta ya zamani hubaki imeganda juu, mtu anafunga mpya juu yake, raba 2 zinakaa pamoja na hewa inapata upenyo. Au filta ni ya bei ya chini na raba yake ni ngumu kama plastiki. Njia ya kuvutia dizeli haivuji kwa nje kama ya kusukuma, inavuta hewa kwa ndani, kwa hiyo kutoona tone la dizeli chini hakuthibitishi chochote. Tazama pia mipira iliyopasuka pasuka karibu na vifungio, na kwenye mashine nyingi kuna kichujio kidogo cha waya kwenye mlango wa pampu ndogo ya kusukuma dizeli. Kinasahaulika miaka na miaka. Kitoe, kioshe, kirudishe kwa washa (ringi ya kuzuia kuvuja) mpya.

Filta mlizotoa bado mnazo? Ikate moja kwa msumeno, kunjua karatasi yake juani. Weusi ni kawaida. Ute wa kijivu unaoteleza maana yake kuna maji yamekaa kwenye tenki muda mrefu. Vumbi jekundu maana yake dizeli yenu inachafuliwa wakati wa kujaza, na hapo kagua kama chujio cha mdomo wa tenki bado kipo. Vijana wengi hukitoa ili dizeli iingie haraka kutoka kwenye pipa. Kirudisheni leo hii. Na pipa likifika likitembezwa kwenye gari, liache litulie usiku kucha, halafu vuteni dizeli ya juu, msiguse ya chini kabisa.

Nije sasa kwenye kupanda na kushuka bila kuguswa leva, kwa sababu si lazima kutokane na hewa. Kwenye PC200-7 opereta hagusi pampu ya nozeli moja kwa moja. Anazungusha kidude cha kuongeza mwendo, kidude kinapeleka volti kwenye kontrola (kompyuta ya mashine), kontrola inaamuru mota ndogo ya gavana, na mota inavuta fimbo iliyoshikana na mkono wa pampu. Pia kontrola ina kazi ya kuokoa dizeli: leva zote zikiachwa bila kuguswa kwa sekunde 4, inashusha injini mpaka mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, na leva yoyote ikiguswa inairudisha juu. Inajua leva zimeguswa kwa swichi za presha. Swichi moja ikiharibika, au waya wake ukachubuka na kugusa chuma, kontrola inadhani leva imeguswa, inapandisha, inaona haijaguswa, inasubiri, inashusha.

Kwa hiyo sikiliza mpangilio wake. Kama injini inaruka kati ya mwendo 2 ambao ni uleule kila mara, inakaa juu sekunde chache, inashuka, inapanda tena, zima kitufe cha kushusha mzunguko kiotomatiki. Ikitulia, shughulikeni na swichi za presha na nyaya zake, injini haihusiki. Lakini kama inayumba mfululizo bila kutulia kwenye mwendo wowote, kama mtu anayehema, hata kitufe kikiwa kimezimwa, hiyo ni hewa kwenye dizeli, au fimbo na mota ya gavana.

Fimbo ipimwe kwa macho. Washa ufunguo bila kupiga stata, mtu mmoja azungushe kidude taratibu kutoka chini hadi juu, wewe uko kwenye injini unatazama. Mkono wa pampu ufuate bila kusita na ufike mwisho wake. Shika fimbo uitikise. Vifundo vyake vikiwa vimelegea utasikia vinagonga, na mchezo wa milimita chache pale ni mzunguko mwingi kwenye injini. Kama mota inatetemeka au inaruka mahali fulani, leteni mita. Kidude kinapokea volti 5 hivi, na volti inayorudi lazima ibadilike polepole bila kuruka. Usishangae kuona inapungua unapoongeza mwendo. Kwenye Komatsu hii ndivyo ilivyo, kubwa kwenye sailensi, yaani mwendo wa chini kabisa, na ndogo kwenye mwendo wa juu. Ikidondoka ghafla katikati, kidude kimekwisha. Kabla ya kununua chochote vuta plagi za nyaya, uangalie ukijani wa kutu, na ufuate nyaya kwa mkono nyuma ya kiti. Panya wameshanisumbua zaidi kuliko kontrola mbovu.

Sasa tuseme mtihani wa dumu umefanyika vizuri na mashine bado inazama. Hapo ndipo unapotenganisha injini na haidroliki, na bado si wakati wa kufungua pampu ya nozeli. Injini ya mashine hii ni SAA6D102E-2, inatoa kilowati 107 kwenye mizunguko 1,950. Oili ya haidroliki ikiwa imepata moto wa kazi, weka mwendo wa juu, nyanyua bumu (mkono mkubwa wa mashine) mpaka mwisho ulishikilie hapo sekunde chache. Presha inapanda hadi kikomo, kama 355 kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Mzunguko utashuka kidogo na kutulia. Ni haki yake kushuka. Ukiendelea kushuka bila kutulia, kuna mmoja kati ya wawili anakosea: injini haina nguvu, au pampu za haidroliki zinachukua kuliko stahili yao.

Mtengenezaji amekupa njia ya kuamua. Kontrola huangalia mzunguko wa injini, na ukishuka hupeleka umeme zaidi kwenye valvu ya pampu za haidroliki ili zipunguze kiasi cha oili. Kukiwa na hitilafu ya umeme hapo, pampu hazipunguzi na injini inakabwa. Kuna swichi ya dharura ya pampu kwenye kebini, ambayo hupitisha umeme wa kiwango kimoja bila kutegemea kontrola. Iweke kwenye dharura, rudia kunyanyua bumu. Injini ikishikilia, tafuta hitilafu kwenye umeme wa udhibiti, na pa kwanza ni sensa ya mzunguko kwenye nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye meno nyuma ya injini. Ing'oe, futa chenga za chuma zilizonata kwenye ncha, pima kama ukinzani wake uko kati ya omu 500 na 1,000. Ukiirudisha, kaza mpaka iguse meno, kisha legeza mzunguko mmoja, ufunge nati. Watu wengi huikaza mpaka mwisho na meno yanaikata siku hiyohiyo. Lakini injini ikizama hata kwenye dharura, basi ni injini yenyewe, au pampu ya haidroliki imekwama ndani.

Wakati wa vipimo hivi watu wote wakae mbali na bumu, na asipite mtu akipapasa mipira ya haidroliki kwa mkono kutafuta inapovuja. Oili ya presha ile inapenya ngozi, na kidonda chake hakionekani kikubwa kwa nje mpaka mkono umeshaharibika.

Upande wa hewa kwa dalili zako naupita haraka: moshi ungekuwa mweusi. Ila kwa vumbi la huko, kagua filta ya hewa hata hivyo, na ile ya ndani haipulizwi, inabadilishwa.

Kuna mambo mawili nakuomba usiyakubali hata bosi akiwa na haraka. La kwanza ni kukaza ile skrubu ya mwisho ya gavana yenye lakiri ili mzunguko upande. Utapanda bila mzigo, opereta atafurahi asubuhi, na dizeli isiyofika itabaki haifiki. La pili ni kung'oa fimbo ya mota ya gavana na kufunga waya wa breki ya baiskeli mpaka kwenye kebini. Nimeona mashine nyingi zikiendeshwa hivyo na inaniuma kila mara. Kwenye mashine hii ufunguo ukizimwa, mota hiyo ndiyo inayorudisha mkono wa pampu mahali pa kukata dizeli. Ukiiondoa, ufunguo hauzimi injini. Siku mpira wa haidroliki ukipasuka na kumwaga oili kwenye turbo ya moto, opereta atazungusha ufunguo na injini itaendelea kunguruma.

Kwa wasomaji wengine wenye mashine tofauti: Hitachi ZX200 za mwanzo zina mota ya aina hiyo pia, na mkibadilisha mota, injini au kontrola lazima mashine ifundishwe upya mwisho wa chini na wa juu, la sivyo mzunguko hautafuata kidude hata vipuri vyote vikiwa vipya. PC200-8 haina mkono wa kuvutwa. Dizeli yake inasimamiwa kwa umeme kwa presha kubwa sana, maji kidogo tu yanaua nozeli, na mirija yake isilegezwe injini ikiwa inaunguruma. Mambo ya tenki, mfuniko na dumu ni yaleyale kwa zote.

Kesho asubuhi basi, kabla haijawashwa, fungua koki ya chini ya tenki na upokee dizeli ya kwanza kwenye chupa nyeupe. Iache itulie wakati opereta anakagua oili. Maji yatakaa chini, utayaona. Kisha iacheni koki itiririke kwenye ndoo safi kwa dakika nzima na muangalie kama nguvu ya mkondo inapungua. Baada ya hapo kazini, na mfuniko ufunguliwe mara tu dalili ya kwanza ikitokea. Ikibidi mtihani wa dumu, ufanyike kesho kutwa. Ukiniandikia tena, nitajie rangi ya moshi wakati inazama, mzunguko unaoonekana kwenye monita bumu likiwa limeshikiliwa juu, na kama swichi ya dharura ilibadilisha chochote.